Bugali wa Mfuko

Jumamosi ile ya Juni 2017 baridi ilikuwa kali, na Thérèse alikuwa amechemsha birika mbili za maji ili amwogeshe binti yake, Olive, kwenye bafu lililotumiwa na familia tatu za ghorofa yao pale mtaa wa Berea, kusini mwa Afrika. Alikuwa akimsugua haraka haraka, mtoto asije akashikwa na mafua, Olive alipopiga ukelele na kumkamata mkono.

"Mama, hapo panauma!"

"Wapi?"

Olive akaonyesha kifua. Thérèse akapapasa kwa ncha ya kidole, akakuta kitu kigumu chini ya ngozi, kama punje ya harage. Jipu, alijisemea. Akapapasa na upande wa pili. Punje nyingine. Sponji ikamponyoka mkononi. Na yeye alikuwa amewahi kuwa msichana. Maumivu yale aliyajua. Lakini wakati wake yeye alikuwa na miaka kumi na mitatu. Olive alikuwa na miaka saba.

"Nani amekugusa hapa?"

"Hakuna."

"Nitazame usoni nikikuuliza. Nani?"

"Hakuna, mama!" Mtoto alijibu kwa Kiingereza cha shuleni kwake, kisha akaanza kulia, si kwa maumivu tena bali kwa kuuogopa uso wa mama yake.

Mlango ukagongwa. Mtu mwingine alitaka kuoga.

* * *

Kazi haikusubiri. Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, Thérèse alisonga sufuria kubwa ya bugali, ugali wa kwao, katika jiko la pamoja, akapika na sombe ya majani ya muhogo, maharage na samaki, kisha akavipeleka mjini kwa mafundi cherehani na wasusi walioshinda juu ya majengo ya zamani bila nafasi ya kutoka kula. Bugali aliufunga ungali unatoa moshi, tonge moja kubwa katika kila mfuko mwembamba wa nailoni, akaupiga fundo ili utoe jasho humo humo na ubaki laini hadi mchana. Mchuzi aliutia katika makopo ya plastiki yaliyokuwa na aiskrimu. Wateja walimsifu: wa Mama Olive haupoi.

Uliobaki ulirudi nyumbani. Olive akitoka shule alipashiwa moto katika maikrowevu, na mfuko wake, na kopo lake, akala akashiba. Alikuwa mrefu kuliko wote darasani. Kanisani watu walimsimamisha Thérèse ili tu wamwambie, "Huyu mnamlisha nini?" naye alikuwa akicheka kwa raha.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi, baada ya kumwogesha Olive, mkono wake ulikuwa unasonga lakini macho hayakuwa sufuriani. Jirani yake Mamie, msusi kutoka Lubumbashi aliyekaa chumba cha mkabala, alimuuliza mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu Thérèse akamwambia, kwa sauti ya chini kabisa.

Mamie akaweka kikombe chake chini. "Yesu wangu. Thérèse, mtoto wa miaka saba haoti kifua bure bure. Mkono wa mwanaume umepita hapo."

"Anasema hakuna."

"Atasemaje, na ametishwa? Wewe jiulize. Mchana anashinda na nani?"

Kutoka chumbani kwao ilisikika cherehani ikikimbia, ikisimama, ikikimbia tena. Ilikuwa ya Octave, Mrundi mmoja mpole, fundi, aliyepanga kwao pembe ya chumba upande wa dirishani, nyuma ya pazia. Ndiye aliyemchukua Olive shuleni, kwani Thérèse alikuwa mjini na mumewe, Évariste, alikuwa kwenye lindo. Ndiye aliyempashia chakula. Olive alimwita tonton, yaani mjomba, na alipenda kukaa chini ya meza yake akiokota vipande vya vitambaa.

"Mimi sisemi kitu," Mamie alisema. "Nimeuliza tu."

* * *

Évariste alikuwa mlinzi wa duka la jumla la vitambaa katikati ya jiji, mtu wa maneno machache, aliyezoea kusimama mlangoni na kupekua mikoba ya watu. Mkewe alipomweleza, alikaa kitandani, akiwa bado na buti miguuni. Jumapili, baada ya ibada, alilivuta pazia la Octave bila kubisha.

"Simama."

Octave alikuwa anapiga pasi suruali ya mtu. Akasimama. "Kuna nini, kaka Évariste?"

"Umemfanya nini mwanangu?"

Ilimchukua muda kuelewa anaulizwa nini, na alipoelewa, aliitua pasi. "Olive? Mimi?" Akamtazama Thérèse. "Dada, hata wewe?"

"Mtoto ameota kifua, Octave," Thérèse alisema. "Miaka saba."

"Basi mpelekeni hospitali. Kesho. Daktari ampime, aseme aliyoyaona, na mimi nitakuwa hapa hapa nawasubiri. Siendi popote. Nawaomba hilo moja tu."

Huenda wangemsikiliza. Lakini chumba hakikuwa na ukuta wa maana, na ukumbini watu walikuwa wamekwisha kusanyika, Mamie mbele yao, na mzee mmoja wa kanisa akisema kwa sauti kwamba watu wa namna hiyo hawasubiriwi. Évariste aliwasikia. Alikuwa baba, na watu walikuwa wanamtazama waone ni baba wa namna gani. Akamshika Octave ukosi akamsukuma nje.

Lifti ilikuwa imekufa tangu mwaka uliopita. Octave aliteremka ngazi amekumbatia kichwa cha cherehani kifuani, nguo zake zikitupwa nyuma yake. Mwanamke mmoja alimtemea mate. Mwingine alipiga picha kwa simu.

"Tonton!" Olive alilia kutoka mlangoni. "Tonton, unaenda wapi?"

Thérèse alimvuta ndani na kumziba mdomo kwa kiganja.

"Mnaona?" Mamie aliwaambia watu. "Mnaona alivyomzoesha?"

* * *

Kliniki, karani aliishika karatasi yao ya hifadhi ya ukimbizi kwa ncha za vidole. Muda wake ulikuwa umepita. Aliwaambia wasubiri, wakasubiri hadi benchi zima likaisha, na waliokuja baada yao wakaingia na kutoka. Mwishowe muuguzi aliwaita, akaanza kuuliza kwa Kizulu. Kizulu cha Thérèse kilikuwa cha sokoni, cha bei na salamu.

"Anasemaje?" alimuuliza Olive.

Mtoto aliangalia sakafu. "Anauliza kama kuna mwanaume ananishikaga."

Thérèse alihisi masikio yanawaka. Mtoto wa miaka saba ndiye aliyetakiwa kuitafsiri habari ile. "Mwambie… mwambie hatujui."

"Lakini mimi ninajua," Olive alisema. Akamgeukia muuguzi, akamweleza mwenyewe kwa Kizulu, maneno mengi, kwa utulivu. Thérèse alisikia jina la Octave likipita humo ndani na hakuelewa limepitaje. Muuguzi alimtazama mama kwa muda, kisha akawaandikia waende hospitali kubwa.

Kwenda huko, Évariste aliomba ruhusa kazini akafuatana nao, kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Mara ya kwanza mtoto alipimwa, wakaambiwa warudi. Olive alitolewa damu, akapigwa picha ya mkono na ya kichwa. Waliporudi mara ya pili, daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya uchovu, alimwomba Olive atoke akae na muuguzi, akafunga mlango.

"Nianze na lile mnalolihofia," alisema. "Hakuna aliyemwingilia mtoto huyu. Tumempima, na mtaalamu wa watoto amezungumza naye peke yake. Na hata kama angekuwepo mtu, kuguswa hakumwoteshi mtoto kifua. Hayo ni maneno ya mitaani."

Évariste alitafsiri nusu tu. Thérèse alikuwa ameshaelewa.

Daktari akaweka picha ya mkono kwenye taa. "Mwili wake umeanza kubalehe kabla ya wakati. Mifupa hii inalingana na ya mtoto wa miaka kumi. Kichwani hana uvimbe, mshukuruni Mungu."

"Ndiyo maana ni mrefu," Thérèse alisema.

"Ni mrefu sasa. Mfupa unaokimbia hivi unafunga mapema, mama. Tukiacha, atasimama wakati wenzake ndio wanaanza kurefuka. Wote watampita. Na hedhi inaweza kumfika angali hajamaliza hata miaka tisa."

"Nini kimemfanya hivi?"

"Kwa wasichana wengi hatupati sababu. Wengine ni uzito, wengine ni damu ya ukoo. Wengine, tunashuku, ni vitu vinavyoingia na chakula." Alifungua faili. "Anakula nini nyumbani?"

Hapo Thérèse alikaa vizuri. Angalau kwa jambo hilo hakuwa na aibu. Alieleza: bugali, sombe, samaki, maharage, kila siku, chakula cha kweli, si chipsi za dukani. Alieleza hata namna alivyokifunga ili mtoto asile chakula cha baridi. Mumewe alitafsiri. Kalamu ya daktari ilisimama.

"Kinaingia kwenye nailoni kikiwa cha moto?"

"Cha moto kabisa."

"Na mnakipasha ndani ya hiyo hiyo?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu anaanza kula."

Daktari aliivua miwani. Aliwaeleza polepole kwamba viwanda huchanganya plastiki na dawa za kuilainisha ili isikatike. Kwamba joto na mafuta huzivuta dawa hizo zikaingia katika chakula. Kwamba baadhi yake mwili wa mtoto huweza kuzidhania ni homoni zake wenyewe. "Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu," alisema. "Hakuna kipimo kitakachonionyesha mfuko ndani ya damu yake na kuniambia ndio huu. Wapo watoto wanaokula hivyo na hawapati lolote. Lakini ungekuwa dada yangu, ningekwambia uache leo."

Ipo sindano ya kuuchelewesha mwili, aliongeza, ya kila mwezi. Angewaandikia. Ila dirisha la dawa lingetaka karatasi zisizopitwa na muda.

Walitoka. Walisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, ikawaka kijani, watu wakavuka, wao hawakuvuka. Évariste alimshika Olive begani.

"Octave," alisema. Hilo tu.

* * *

Thérèse alinunua mabakuli ya bati yenye vifuniko. Yalikuwa mazito, na kila jioni ilibidi apande tena ngazi zote za mjini kuyakusanya. Mengine hayakurudi. Bugali ulipoa na kukauka juu. Wateja walianza kunung'unika, na wa kwanza kusema waziwazi alikuwa Kidawa, msusi wa Tanga, aliyeshinda saluni na binti yake mdogo, Tabia, mgongoni au mapajani.

"Mama Olive, na haya masahani yako nitayaoshea wapi? Hapa maji yenyewe ya ndoo. Wewe nipe kwenye mfuko kama zamani, nile, nitupe, nirudi kazini."

"Sifungi tena kwenye nailoni, mdogo wangu."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema imeadimika, imepanda bei, na mambo yangeisha hapo. Alikuwa amejiandaa kusema hivyo. Lakini Tabia alikuwa anamtazama, mdomo wazi, akisubiri tonge. Thérèse akavuta kiti, akamweleza Kidawa yote: kifua cha Olive, mifupa, maneno ya daktari.

Kidawa aliisikiliza hadithi mpaka mwisho, chanuo mkononi. "Ngoja kidogo. Huyu wangu ulianza kumlisha hajaota hata meno."

"Sikujua."

"Hukujua! Mwaka mzima unaniletea sumu mlangoni, na mimi nakulipa na asante nakupa!" Sauti ilipanda. Wateja chini ya mashine za kukaushia nywele wakageuka. "Jamani, sikieni, mwanamke huyu anasema bugali wake unaharibu watoto!"

"Si bugali, Kidawa, ni nailoni. Na daktari mwenyewe hana hakika."

"Kama hana hakika umekuja kunitisha ya nini? Na kama ana hakika, ulikuwa wapi siku zote? Toka. Chukua masahani yako."

Ngazini vifuniko viligongana njia nzima. Habari ilimtangulia jengo kwa jengo. Mafundi waliokula kwake miaka mitatu wakawa hawana njaa. Évariste akaomba zamu za ziada, akawa anarudi na miguu iliyovimba, na pembe ya Octave, iliyokuwa inawasaidia kulipa chumba, ilibaki tupu kwa sababu hakuna aliyetaka kupanga pale palipozungumzwa mambo yale.

Haikupita muda mrefu Thérèse akipita mbele ya ile saluni alimwona Kidawa amekaa kizingitini. Alikuwa amenunua kwa mama mwingine. Alifungua fundo la mfuko kwa meno, moshi ukatoka, akamega tonge akalipuliza na kumtia Tabia mdomoni. Macho yao yakakutana.

"Nimlishe nini sasa?" Kidawa alisema, safari hii bila ukali. "Niambie wewe. Nimlishe nini?"

Thérèse aliyahamishia mabakuli yake mkono wa pili, akaendelea na safari.

* * *

Karatasi zao zilifanywa upya baada ya kwenda na kurudi kusikohesabika, na Olive akapata sindano ya kwanza katikati ya Agosti. Daktari alisema wasitarajie mwujiza. Mifupa iliyokwisha kukimbia haitarudi nyuma. Jumapili iliyofuata hawakwenda kanisani. Walipanda teksi ya kwenda Diepsloot, huko kaskazini, walikosikia Octave amehamia.

Walimkuta nje ya spaza ya Mrundi mwenzake aitwaye Burhani, duka la kontena lenye dirisha la nondo. Cherehani ilikuwa chini ya kipande cha bati. Alikuwa anashona zipu ya ovaroli. Alikonda. Alipowaona aliacha kukanyaga, lakini mkono haukutoka kwenye kitambaa.

Thérèse alimwambia Olive asimame kule kwenye foleni ya mkate, yeye na mumewe wakasogea.

"Daktari amempima," Évariste alisema. Alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, kama mlinzi aliyeitwa na bosi. "Hukufanya kitu. Tulikosea. Mimi nilikosea. Nimekuja kukuomba msamaha mbele ya mke wangu."

"Nimesikia," Octave alisema.

"Tunaomba urudi," Thérèse aliongeza. "Pembe yako ipo."

Octave aliukata uzi kwa meno. "Nirudi kwenye zile ngazi? Dada, ile picha ilifika hapa kabla yangu mimi. Kuna mtu wa Berea ana ndugu yake hapa. Burhani alinipokea kwa kuwa tulisoma pamoja, lakini aliniambia kitu kimoja: usishone nguo za watoto. Sare za shule zote za mtaa huu zinapita hapa, na mimi siruhusiwi kupima hata moja." Akamwangalia Évariste. "Niliomba kesho tu. Mngenipa hiyo kesho."

"Tutawaambia watu. Kanisani, kwenye jengo, kote."

"Waambieni. Watasema ahaa. Halafu wataendelea kunificha watoto wao."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Thérèse. Ghafla alisikia miguu ya mtoto ikikimbia. Olive alikuwa amechoka kusubiri.

"Tonton! Tonton Octave!"

Octave alisimama kwa kishindo, kigoda kikaanguka. Aliinua mikono yote miwili juu, viganja wazi, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga bati la kontena.

"Mshike mtoto wako," alimwambia Thérèse. "Mama Olive, nakuomba, mshike. Watu wanaangalia."

Kweli walikuwa wanaangalia. Olive alisimama hatua chache mbele yake, mikono yake bado imenyooshwa, akashangaa. Alimtazama Octave, akamtazama baba yake, kisha akaishusha mikono.

Thérèse akawageukia watu wa kwenye foleni. Kiingereza kilimponyoka, akachanganya na Kizulu cha sokoni na Kiswahili, lakini alipaza sauti: mtu huyu ni mtu mzuri, mtu huyu hakumgusa mtoto wangu, sisi ndio tuliomsingizia, daktari amesema. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe karibu zaidi. Kijana mmoja alicheka. Burhani akatoa kichwa dirishani, akamuuliza aliye mbele anataka mikate mingapi, na foleni ikasogea.

"Umeona?" Octave alisema. Sasa alikuwa amekiokota kigoda. "Ungelinyamazia tu. Wengine hapa walikuwa hawajasikia."

Alikaa, akaliweka ovaroli sawa chini ya sindano, na cherehani ikaanza.

Walirudi kwenye kituo cha teksi kwa miguu, katika vumbi la Agosti. Évariste alitaka kumbeba binti yake mabegani kama alivyozoea, Olive alikataa. Thérèse alimpa mkono, hakuupokea. Aliwatangulia, mikono ameikunja kifuani kama mama aliyetoka msibani, na waliposogea waende sambamba naye, aliongeza mwendo.